Mzabibu wa Dodoma na Namna ya Kuonja Divai Nyekundu

Katika jubilei twakumbuka majengo na watu. Walakini iko na miche iliyopandwa na wamisionari, na mmojawapo ni mzabibu. Twataka kusimulia habari zake, maana wengi wetu huiona divai altareni tu, wala hatujui kuipima mezani.

Mapadre walipofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, divai ya Misa ilikuwa ikiletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Kwa kuwa sheria ya Kanisa yataka divai halisi ya zabibu, isiyoharibika. Huko Dodoma yasimuliwa kwamba mapadre wa Italia walipanda mizabibu Bihawana mwaka 1957. Kutoka misioni mche ule ukaenea hata mashambani mwa Wagogo.

Nchi ya Ugogo ilitajwa na wageni kwa ukame na njaa. Kumbe ukame ule ule waufaa mzabibu. Dodoma iko juu ya bahari kadiri ya mita 1,100. Mvua zake ni za miezi michache, na jua lake ni kali. Huko Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, nao huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma hauna baridi ya kuulaza. Mkulima huupogoa, nao huchipuka tena, hata zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Sasa tuseme juu ya divai nyekundu nzito. Maji ya zabibu nyekundu kwa kawaida hayana rangi. Rangi hutoka katika maganda, yanapoachwa kuchachuka pamoja na maji yake. Katika maganda na mbegu hutoka pia ukakasi, ule unaokausha ulimi kama ndizi mbichi au bibo. Basi mtu anayeonja divai kavu mara ya kwanza hukunja uso na kusema, "Imeharibika." Sivyo. Divai iliyoharibika hunuka siki. Ukakasi ni nguvu yake.

Namna ya kuonja ni hii. Mimina kidogo katika bilauri, uitazame rangi yake mbele ya kitambaa cheupe. Itikise polepole, unuse. Kisha chukua funda moja dogo, ulizungushe kinywani kabla ya kumeza. Isiwe ya moto: katika nchi zetu za joto chupa na ikae kwanza katika maji baridi robo saa.

Na chakula chake? Ni nyama. Ukakasi hushikamana na nyama na mafuta yake, hata ulimi ukalainika. Na mafuta nayo hayalemei kinywa. Kwa hiyo nyama ya ng'ombe au ya mbuzi, ya kuchoma au ya mchuzi mzito, yapatana nayo sana. Samaki wa mafuta haipatani nayo, maana huacha ladha ya chuma kinywani. Na pilipili nyingi huzidisha moto wa kileo. Tazameni basi: Wagogo ni wafugaji tangu zamani. Nchi ile ile iliyolisha ng'ombe imezaa na divai inayomfaa.

Jambo hili si la anasa tu. Imetokea mara nyingine wakulima wa Dodoma kukosa wanunuzi, zabibu zikaoza, na ada za watoto zikaoza pamoja nazo. Ikiwa sisi wenyewe twaikataa divai kavu ya kwetu kwa kutojua ladha yake, tutamlaumu nani?

Walakini tusidanganyane. Tumezika watu walioangamizwa na pombe, tumeona na nyumba zilizovunjika. Divai hii yaweza kuwa na kileo sehemu 13 au 14 katika mia, kupita bia mara mbili na zaidi. Aliyejeruhiwa na kinywaji asionje kamwe, wala mtu asimcheke. Lakini katika arusi ya Kana mkuu wa meza alionja, akatambua divai iliyo njema. Kuonja ni kupambanua. Kulewa ni kupoteza upambanuzi wote. Waalimu, tuwafundishe vijana wetu tofauti hiyo, ili kazi ya waliopanda isigeuke kuwa aibu yetu.