Mikono Mitupu Majini

Baiskeli za gia za mtumba hushuka Kilindini zimevuliwa pedali, usukani umegeuzwa ukalala sambamba na fremu. Ndivyo zinavyoenea nyingi kwenye kontena. Mie niko Likoni, ng'ambo tu ya maji. Bandari naiona kabisa, lakini mzigo wangu huzunguka mjini, ukapanga foleni ya feri.

Feri hiyo ilianza 1937. Wenzetu wa Kisauni walishapata daraja la kuelea la Nyali tangu 1931, kisha la zege 1980. Upande wetu, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na nchi kavu. Walikufa watu 272. Daraja la kuelea la Liwatoni, la waendao kwa miguu, lilikuja 2020. Yaani tulipewa teknolojia ambayo Nyali walishaiacha miaka 40 nyuma, na tukashukuru.

Mara ya kwanza nilifunga baiskeli mjini nikavuka nayo, najiona fundi. Mjomba alinigombeza mbele za watu. Rafikiye alipanda feri ile ya Mtongwe.

"Zipande mkokoteni, mwanangu. Wewe simama mikono mitupu."

Siku hizi nazifunga Likoni. Nanyoosha usukani, nakaza breki, halafu pedali: ya kushoto hukazwa kinyume, na hilo nililijua baada ya kuharibu moja. Mjomba hukaa karibu akinipokeza spana. Feri yenyewe hapandi tena.