Swali likiwaangusha mahodari, nani ameanguka?

Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya upili, niliwatungia wanafunzi wangu mtihani wa kuchagua jibu. Swali moja liliwataka wakanushe sentensi 'Angekuja angenikuta.' Mwongozo wangu wa kusahihisha ulikubali jibu moja tu: 'Hangekuja hangenikuta.' Binti mmoja aliyezoea kuongoza darasa alichagua 'Asingekuja asingenikuta.' Akanijia na karatasi mkononi.

"Mwalimu, hapa nimekosa nini?"

"Jibu ni lile la mwongozo," nikamkata kauli. Akanyamaza, akaenda zake.

Nilipozipanga karatasi jioni ndipo nilipong'amua kioja. Wengi wa walioongoza katika maswali mengine walikuwa wameanguka hapo, ilhali wanafunzi wa mkia walilipata. Waliosoma vitabu vingi walifahamu kwamba maumbo yote mawili yanatumika. Waliokariri moja wakabahatika. Kumbe aliyeanguka ni mtunzi wa swali!

Kadhia hiyo ndiyo iliyonisukuma kuifuatilia historia ya upimaji. Wataalamu walijiulizaje kama swali lenyewe linafaa?

Tuanze na Louis Guttman, msomi wa Marekani. Mwaka wa 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, alichapisha makala kuhusu namna ya kuyapanga maswali kama vidato vya ngazi. Anayepata swali gumu sharti ayapate yote mepesi kuliko hilo. Mbinu hiyo ilitumiwa kuchunguza mitazamo ya wanajeshi wa Marekani, na hata woga wao vitani. Wazo zuri, lakini kali mno. Binadamu huteleza, hodari naye hukosa swali jepesi kwa kupitiwa tu.

Mwaka wa 1960, Georg Rasch wa Denmark alilegeza kamba kwa kuleta hesabu za uwezekano. Kadiri uwezo wa mtahiniwa unavyozidi ugumu wa swali, ndivyo uwezekano wa kulipata unavyopanda. Hata hivyo, Rasch alidai kila swali lifuate mstari wa umbo moja, unaopinda kama herufi S. Lisilofuata huonekana halifai, hata kama kosa lake ni umbo tu.

Hapo ndipo alipoingia Robert Mokken, mwanasayansi ya siasa wa Amsterdam, Uholanzi. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1971, hakulilazimisha swali kufuata umbo lolote. Alidai mambo machache: maswali yote yapime kitu kimoja, jibu la swali moja lisitegemee jibu la jingine ila kupitia uwezo huo, na uwezo ukipanda, uwezekano wa kupata jibu usishuke. Basi! Mstari uwe mwinuko mkali au wa polepole, si hoja. Hoja ni kwamba usigeuke kuteremka.

Ili kupima jinsi maswali yanavyoshikamana, Mokken alitumia kipimo kiitwacho H, alichokiendeleza kutokana na kazi ya Jane Loevinger, mwanasaikolojia Mmarekani wa miaka ya 1940. Kikiwa chini ya 0.3, maswali hayo hayaundi kipimo cha kutegemewa, kikifika 0.5, kipimo ni imara. Fauka ya hayo, mwaka wa 1991 James Ramsay wa Kanada alionyesha namna ya kuchora mstari wa kila swali kutokana na majibu yenyewe, pamoja na mistari ya majibu yasiyo sahihi. Lau ningekuwa na mchoro wa aina hiyo, ningeona jibu la binti yule, lililohesabiwa kosa, likipanda pamoja na uwezo, huku 'sahihi' langu likiteremka.

Msomaji mpendwa, huenda ukauliza, mwalimu asiye na kompyuta afanyeje? Hebu chukua karatasi za darasa lako. Kwa kila swali, jumlisha alama za mtahiniwa katika maswali mengine yote, ukiliacha hilo nje. Ligawe darasa makundi matatu: chini, kati na juu. Hesabu ni wangapi wamelipata katika kila kundi. Idadi ikipanda, vyema. Ikishuka kwa kundi la juu, lisome swali lako upya. Darasa moja ni dogo, kwa hivyo hesabu hiyo si hukumu. Ni sababu ya kushuku tu. Hukumu itatokana na kulichunguza swali lenyewe na lugha yake.

Alama moja si kitu kidogo. Humsogeza mtoto mbele au nyuma, na aghalabu humfanya aamini kwamba hajui anachokijua. Kabla muuza nafaka hajadai kuwa gunia limepungua, huukagua mzani. Sisi walimu tumezoea kulikagua gunia pekee.

Binti yule nilimrudishia alama yake wiki iliyofuata, mbele ya wenzake. Nikawaambia nimekosea mimi.