Kima Mwekundu, Jirani wa Bariadi

Ukitoka Bariadi mjini kuelekea mashariki, mashamba ya pamba na mtama yanakusindikiza hadi karibu na nyika ya Serengeti. Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa 2012, lakini ujirani wa Wasukuma na wanyama wa huku ni wa enzi na enzi. Miongoni mwa majirani hao yumo mmoja ambaye wengi wetu hatujawahi kumwona: kima mwenye manyoya mekundu, miguu mirefu na sharubu nyeupe. Wanasayansi humwita patasi wa kusini. Hushinda chini zaidi ya mitini, akibandua utomvu wa migunga na kuokota wadudu. Akishtuliwa hutimua mbio, na katika jamii yote ya kima na nyani hakuna anayemfikia kwa kasi.

Paul Matschie wa Berlin alimpa jina la kisayansi mwaka 1905, enzi za Wajerumani. Baada ya hapo, ni wachache waliomfuatilia. Sokwe walibahatika zaidi: mwaka 1960 mtafiti Jane Goodall alipiga hema Gombe, eneo dogo la kilomita za mraba 52, na sokwe wa pale wakajulikana kizazi hadi kizazi, kila mmoja kwa jina lake. Hifadhi ya Serengeti, yenye kilomita za mraba 14,763, haikukosa watafiti: Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama kwa ndege mwishoni mwa miaka ya 1950, na George Schaller akaja kuchunguza simba mwaka 1966. Kima mwekundu hakupata mtu wa kukaa naye namna hiyo, na hasara yake tunaiona leo.

Zamani alifika hadi Kilimanjaro na kusini mwa Kenya. Mwaka 2021 watafiti Yvonne de Jong na Thomas Butynski walikadiria kuwa wamebaki kati ya 100 na 200, ngome yao ikiwa magharibi ya Serengeti.

Miongoni mwa vinavyomponza ni uhaba wa maji. Kiangazi kikikolea, mito hubaki vidimbwi, na kila dimbwi lina wenyewe: ng'ombe, wachungaji, mbwa wao. Kima husubiri mbali, na asipopata nafasi huondoka na kiu. Mfugaji naye hana kosa. Ng'ombe lazima anywe.

Kwa hiyo naziomba halmashauri zetu zichimbe malambo vijijini, mbali na mpaka wa hifadhi, na walimu wa Bariadi wawafundishe watoto jina la mnyama huyu wakati angali hai.