Baada ya Nduli: Nyumba Iliyofagiwa Hukaliwa na Nani?



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, mzee mmoja wa jumuiya zetu ndogo ndogo aliningojea mlangoni pa sakristia. Katika ujana wake alikuwa askari, naye alivuka Mto Kagera pamoja na wenzake mwaka 1979. Akaniuliza kwa sauti ya chini: “Baba Padre, sisi tulimwondoa nduli. Lakini tuliwaachia nini wale watu?” Sikuwa na jibu la haraka. Nimelibeba swali lake juma zima, na leo nalileta kwenu, kwa maana si swali la mzee yule peke yake. Ni swali la kila taifa ambalo dhalimu wake ameangushwa kwa mkono wa jeshi la kigeni: je, ni serikali ya namna gani hufuata?

Bwana wetu alisimulia habari ya pepo mchafu aliyemtoka mtu. Huzunguka mahali pasipo maji akitafuta pumziko, asilipate. Kisha hurudi, akaikuta nyumba ile tupu, imefagiwa na kupambwa. Ndipo huenda kuwachukua pepo wengine saba walio waovu kuliko yeye, nao huingia na kukaa humo (Mt 12:43-45). Kosa la nyumba ile halikuwa uchafu, maana ilikwisha kufagiwa. Kosa lake lilikuwa utupu.

MWAKA MMOJA, MADHALIMU WATATU

Mwaka 1979 una jambo la pekee katika historia. Madhalimu watatu waliangushwa ndani ya miezi tisa, na kila mara jeshi la kigeni lilihusika. Tarehe 7 Januari majeshi ya Vietnam yaliingia Phnom Penh na kuuondoa utawala wa Pol Pot huko Kambodia. Tarehe 11 Aprili Jeshi la Wananchi wa Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, liliiteka Kampala. Na mwezi Septemba makomandoo wa Ufaransa walitua Bangui, na Bokassa, aliyejivika taji la kifalme, akapoteza kiti chake.

Nyumba tatu zilifagiwa, nazo zilipata wapangaji wa aina tatu. Kambodia ilipewa serikali ya chama kimoja iliyoongozwa na Heng Samrin chini ya ulinzi wa Vietnam, na majeshi hayo hayakuondoka hadi mwaka 1989. Afrika ya Kati ilirudishiwa rais wake wa zamani, David Dacko, aliyeletwa kwa ndege ya Wafaransa. Miaka miwili haikutimia, naye akaondolewa na mkuu wa jeshi lake, Jenerali Kolingba, Septemba 1981. Uganda ilipewa kitu tofauti na hivyo viwili: baraza la watu wengi wenye fikra mbalimbali, waliokubaliana kutawala pamoja. Kwa karatasi, hilo ndilo lililokuwa jema kuliko yote. Ndiyo maana anguko lake lina mafundisho mengi zaidi.

DAMU ILIYOTANGULIA

Idi Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote akiwa mkutanoni Singapore. Wengi walishangilia barabarani. Haukupita muda mrefu, vilio vikaanza. Mwezi Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki na kiongozi wa chama cha Democratic Party, alikamatwa na askari katika Mahakama Kuu mchana kweupe, asirudi tena kwa jamaa zake. Mwezi Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana. Damu ya Wakristo, ya Waislamu na ya watu wasio na jina ilichanganyika katika udongo mmoja.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakaua na kupora katika eneo la Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Wazee wetu wanayakumbuka maneno yale hata leo. Yaliyofuata tunayajua: Masaka, Lukaya, Entebbe, na mwishowe Kampala. Ukweli mchungu nao usifichwe: mji wa Masaka ulibomolewa vibaya na majeshi yetu yaliyokuwa na hasira ya Kagera. Vita vya haki navyo huacha majeraha katika mikono iliyovipigana.

MKUTANO WA MOSHI

Kabla Kampala haijaanguka, swali lilijitokeza: nani atapokea funguo? Tanzania ilikuwa na rafiki wa zamani, Obote, aliyeishi Dar es Salaam tangu kupinduliwa. Lakini Waganda wengi, hasa wa Buganda, hawakuwa wamemsahau kwa mema. Mwaka 1966 alilishambulia jumba la Kabaka, na mwaka uliofuata akazifuta falme. Kumrudisha moja kwa moja kungekuwa sawa na kumleta rais ndani ya kifaru. Mwalimu alimshawishi abaki Dar es Salaam.

Basi kuanzia tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, makundi zaidi ya ishirini ya Waganda walioishi uhamishoni yalikutana Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Walikuwamo walimu wa chuo kikuu, wanasheria, wanasiasa wa zamani na askari. Wakaunda umoja wa ukombozi wa taifa, UNLF. Profesa Yusuf Lule, aliyewahi kuwa mkuu wa chuo cha Makerere, akachaguliwa kuwa mwenyekiti. Likaundwa Baraza la Ushauri la Taifa, chini ya Edward Rugumayo, lifanye kazi ya bunge la muda. Ikaundwa pia Tume ya Kijeshi, chini ya Paulo Muwanga.

Ndugu msomaji, liangalie vizuri jengo hilo. Kulikuwa na rais, baraza na jeshi. Lakini mkutano wa siku tatu haukulimaliza swali kubwa kuliko yote: wakikosana, nani mwenye neno la mwisho?

Jibu lilikuja upesi. Lule aliapishwa mwezi Aprili, akateua mawaziri bila kupata kibali cha Baraza. Yeye aliona ana mamlaka ya rais kwa mujibu wa katiba ya mwaka 1967. Baraza liliona kwamba makubaliano ya Moshi yanamfunga. Tarehe 20 Juni likamwondoa. Alikuwa amekaa Ikulu siku 68 tu. Watu wa Kampala waliandamana wakimtaka arudi, maana hawakuulizwa alipowekwa, na hawakuulizwa alipoondolewa.

Akaja Godfrey Binaisa, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu enzi za Obote. Huyu alipendekeza uchaguzi ufanyike chini ya mwavuli mmoja wa UNLF, bila ushindani wa vyama. Mei 1980 alijaribu kumwondoa Mnadhimu Mkuu wa jeshi, David Oyite Ojok, kwa kumteua kuwa balozi nje ya nchi. Hapo ndipo lile swali la Moshi lilipojibiwa waziwazi. Jeshi lilikataa, Tume ya Kijeshi ikatwaa madaraka, na Binaisa akawekwa kizuizini. Muwanga akawa mtawala, na makamu wake katika Tume alikuwa Yoweri Museveni. Askari wa Tanzania walikuwa bado nchini, nao hawakuingilia kati. Mwezi huo huo Obote akarudi nyumbani.

KURA NA BUNDUKI

Desemba 1980 Uganda ilipiga kura kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1962. Watu walipanga foleni tangu alfajiri. Habari za awali zilipoonyesha kwamba Democratic Party inafanya vizuri, Muwanga alitoa amri kwamba hakuna atakayetangaza matokeo bila idhini yake. Mwishowe chama cha Obote kikatangazwa mshindi.

Hapo njia zikagawanyika. Democratic Party, chini ya Paul Ssemogerere, ililalamika, lakini ikakubali kuingia bungeni kama upinzani. Museveni, ambaye chama chake kilipewa kiti kimoja tu, aliingia msituni Februari 1981. Katika eneo la Luwero wananchi walikufa kwa maelfu. Huko West Nile, alikozaliwa nguvu nyingi za jeshi la Amin, askari wa serikali mpya walilipiza kisasi kwa watu wasio na hatia. Tarehe 24 Juni 1981, sikukuu ya kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, waliwashambulia watu waliokimbilia katika misheni yetu ya Ombachi, karibu na Arua, na kuwaua wengi ndani ya uwanja wa Kanisa. Walikuwa askari wa jeshi lililojiita la ukombozi.

Mwaka 1985 majenerali walimpindua Obote kwa mara ya pili, na Januari 1986 Museveni akaiteka Kampala. Tangu siku ile Amin alipokimbia, nchi ilikuwa imepitia watawala watano katika muda usiofika miaka saba. Katiba mpya, iliyotanguliwa na mashauriano na wananchi, ilipatikana mwaka 1995, miaka 16 baada ya ukombozi.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, serikali humtazama yule aliyeipa kiti. Dacko aliitazama Paris, na Heng Samrin aliitazama Hanoi. Wale wa Moshi walitazamana wao kwa wao, na wote waliutazama mtutu wa bunduki. Raia wa Kampala hakuwa na mahali pa kusimama katika jengo lile. Serikali ya namna hiyo hata ikiwa na maprofesa watupu, upepo wa kwanza huiangusha, kwa kuwa haina mizizi.

Pili, jeshi lisilo na bwana halali huwa bwana lenyewe. Jeshi la Amin lilisambaratika, na mahali pake pakajazwa na vikosi ambavyo kila kamanda aliwaandikisha watu wake. Kosa la namna hii lilirudiwa Iraki mwaka 2003, pale wavamizi walipolivunja jeshi la Saddam Hussein kwa amri moja, na maelfu ya wanaume wakarudi makwao wakiwa na silaha na hasira lakini bila mshahara.

Tatu, kisasi ni pepo yule yule aliyevaa nguo mpya. Mwana wa West Nile aliyeuawa kwa sababu ya kabila la Amin alikufa kwa kanuni ile ile aliyoitumia Amin.

Mama Kanisa hachagui umbo moja la serikali kwa mataifa yote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba uchaguzi wa mfumo na wa viongozi ni haki ya raia wenyewe. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Centesimus Annus wa mwaka 1991, aliisifu demokrasia kwa kadiri inavyowashirikisha wananchi na kuwawezesha kuwawajibisha watawala wao. Hivyo mbele ya serikali yoyote iliyozaliwa baada ya vita, Mkristo na aulize maswali haya: Je, watu wameulizwa? Je, mwenye bunduki anaweza kukatazwa akatii? Je, aliyeshindwa naye ana haki mbele ya hakimu?

JIBU LANGU KWA MZEE

Katika kitabu cha Waamuzi, Waisraeli walimwomba Gideoni awatawale kwa kuwa alikuwa amewaokoa na Wamidiani. Alikataa, akisema kwamba Bwana ndiye atakayewatawala. Lilikuwa jibu jema. Lakini alipokufa, mwanawe Abimeleki aliwaua ndugu zake na kujifanya mfalme (Waam 8–9). Mwokozi alikataa kiti, lakini kiti kilibaki pale pale, na mwenye upanga akakikalia.

Mzee wangu, ninyi hamkwenda Uganda kutafuta koloni. Taifa letu lilikuwa maskini, likatoa watoto wake na mali yake, na halikuifanya nchi ile kuwa mkoa wake. Waliookolewa kutoka mikononi mwa Amin waliokolewa kweli, na jambo hilo Mungu analijua. Hata hivyo, kumtoa dhalimu ni kazi ya miezi, na kuijaza nyumba haki ni kazi ya kizazi. Kazi ya kwanza mgeni aweza kuisaidia. Ya pili hufanywa na wenye nyumba. Tuliwaachia nyumba iliyofagiwa, na hatukukaa nao vya kutosha kuuliza ni nani anayeingia mlangoni.

Hilo si la kutukatisha tamaa. Na litutie adabu sisi tunaposhangilia habari za madhalimu kuanguka huko na huko. Siku ya kushangilia ndiyo siku ya kuanza kuuliza. Nasi tuanzie karibu: katika kamati zetu, vyama vyetu vya kitume na vijiji vyetu, je, tunapomwondoa kiongozi mbaya, huwa tunajua tunaweka nini mahali pake?

Juma hili tuwaombee marehemu wote wa vita vile, wa pande zote mbili za Kagera, na wale waliouawa Ombachi. Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!

Wenu katika Kristo,
Paroko