Ramani Zilizokatwa Vigae

Wahenga walisema, "Haraka haraka haina baraka." Hao hao wakasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Misemo hii hupingana, na yote miwili ni ya kweli. Wachoraji wa ramani za intaneti wamevutwa na yote miwili tangu mwaka wa 1993.

Mwezi wa Juni mwaka huo, kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, kilifungulia watu ramani ya dunia. Kila mtu alipotaka kutazama mahali pengine, kompyuta ya kituo ilichora picha upya na kuipeleka. MapQuest ya mwaka wa 1996 ilifuata desturi hiyo: ukisogea kidogo upande wa mashariki, ramani yote huletwa tena, hata sehemu uliyokwisha kuiona.

Tuupime mzigo huo. Picha yenye nukta 256 kwa upana na 256 kwa urefu ina nukta 65,536. Kila nukta ikipewa baiti 3 za rangi, jumla ni baiti 196,608. Modemu ya biti 56,000 kwa sekunde huileta kwa sekunde 28 hivi. Kioo cha kompyuta huweza kuhitaji picha 12 za namna hiyo. Mtazamaji atangoja zaidi ya dakika 5.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuibana picha. JPEG, iliyowekwa mwaka wa 1992, huacha mambo madogo ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi. Hufaa sana picha zilizopigwa kutoka angani, lakini ikibanwa mno huchafua herufi na mistari. Kwa ramani za kuchorwa, zenye rangi chache, PNG ya mwaka wa 1996 hufaa zaidi, kwa kuwa haipotezi kitu.

Dawa ya pili ilikuwa kuikata ramani vigae. TerraServer ilifanya hivyo mwaka wa 1998, na Google Maps ikaieneza njia hiyo tangu Februari 2005. Dunia nzima huwa kigae kimoja; ukiikaribia hatua moja huwa 4, kisha 16, na katika hatua ya 10 huwa 1,048,576. Lakini mtazamaji huletewa vile tu anavyovihitaji, na alivyokwisha kuvipata huwekwa akiba katika kompyuta yake.

Jambo hili latuhusu. Kabla ya mwaka wa 2009, intaneti ya Kenya iliunganishwa na ng'ambo kwa setilaiti, polepole na kwa gharama kubwa. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa. Mwaka huo huo vijana wa Kibera walipita vichochoroni na vifaa vya kupokea ishara za setilaiti, wakaandika shule, zahanati na mabomba ya maji katika OpenStreetMap. Hapo awali mtaa wao ulikuwa kama uwanja mtupu katika ramani za umma.

Kazi yao ingemfaa nini mama mwenye mtoto mgonjwa, kama ramani haifunguki katika simu yake? Na ingemfaa nini ikifunguka upesi, huku jina la zahanati halisomeki? Mchoraji mwema huanza kwa kumjua atakayeisoma ramani, na njia itakayompelekea. Ndipo ajuapo lipi la kuacha na lipi la kulinda.