Jina Moja Kwenye Hati

Mikutano ya familia yetu hufika mahali pamoja kila mara. Chai ikiisha mtu hutaja shamba, halafu Cucu ananyamaza. Ni ekari nne hivi, Murang'a. Kwenye hati kulikuwa na jina la kaka mkubwa wa guka, na tangu afariki kuna jina la mwanawe, ambaye mimi humwita baba mkubwa. Shamba lilipopimwa, guka alikuwa kizuizini Manyani. Sasa baba mkubwa amepata broka na mnunuzi.

Mimi niliacha masomo ya sheria mwaka wa pili, karo ilipokata. Lakini sikuacha kusoma, na swali hili la nyumbani ndilo lililonirudisha kwa Profesa Okoth-Ogendo na kitabu chake cha 1991, Tenants of the Crown. Yeye hatazami hati kama karatasi tu. Anauliza ni nani aliyeitaka, na kwa nini.

Anaanzia mbali. Katika kesi ya Wakikuyu waliogombania shamba, ya Isaka Wainaina na Murito, Jaji Mkuu Barth alisema haki za wenyeji juu ya ardhi zilikuwa zimekwisha. Sheria ya Ardhi ya Kifalme ya 1915 na amri ya kuifanya Kenya koloni zilitosha kuzimaliza. Wenyeji wote walikuwa wapangaji wa mfalme, na mfalme angeweza kuwatoa akipenda. Yaani watu walienda kortini kugombania shamba, wakatoka wakiambiwa halikuwa la yeyote kati yao.

Miaka thelathini na kitu baadaye serikali ileile ikageuka, ikataka Mwafrika awe na hati. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulisema mkulima akipewa hati atakopa, atapanda kahawa, atatulia. Ulikiri pia, bila aibu, kwamba wengine watabaki bila shamba, na ukaliona hilo kuwa hatua ya kawaida. Angalia mwaka: Hali ya Hatari ilikuwa imepamba moto. Vipande vilivyotawanyika vilikusanywa kuwa shamba moja wakati maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini. Kesi za ardhi kwenye mahakama za Waafrika katika maeneo hayo zikasimamishwa, na sheria ya 1959 ikafunga mlango juu ya kilichokwisha kuandikwa.

Kwetu, kuandikisha shamba kwa jina la kaka mkubwa halikuwa jambo la ajabu. Yeye ndiye muramati, msimamizi. Anashika kwa niaba ya wengine. Wazee walijua hivyo, na hakuna aliyeona haja ya kuliandika.

Lakini Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 haikuwa na safu ya mambo yanayojulikana tu. Kifungu cha 27 kilimpa aliyesajiliwa umiliki kamili. Cha 143 ndicho huniudhi zaidi: mahakama iliweza kurekebisha usajili uliopatikana kwa ulaghai au makosa, isipokuwa usajili wa kwanza. Usajili wa kwanza ndio huo wa miaka ya vizuizi.

Majaji wakagawanyika. Katika kesi ya Esiroyo, 1973, baba aliyekuwa na hati aliwashtaki wanawe watoke shambani, na Jaji Bennett akakubaliana naye: usajili ulikuwa umefuta haki zao za kimila. Jaji Madan, katika kesi ya ndugu wawili wa Muguthu, aliona tofauti. Kaka mkubwa aliyesajiliwa alikuwa mdhamini wa mdogo wake, basi. Sheria yenyewe, kwenye kifungu cha 28, ilisema hati haimwondolei mtu wajibu wake kama mdhamini. Mimi ni wa Madan, ingawa nakubali kwamba Bennett alisoma maneno yalivyoandikwa.

Waliokuwa wakiishi shambani walikuwa na kinga kidogo. Guka hakuwa nayo. Alipotoka kizuizini alilala kwa kaka yake miezi michache, akaenda Thika kutafuta kibarua, na Thika ndipo alipozikwa. Kwa miaka mingi wakili angetuuliza tu: mnalima nini pale? Hakuna.

Ndiyo maana nilisoma mara tatu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2018, kesi ya Kiebia na M'Lintari, iliyotoka Meru. Majaji walisema si lazima uwe unakalia ardhi ndipo udai amana ya kimila. Uonyeshe kwamba ilikuwa ya familia au ukoo kabla ya kusajiliwa, kwamba wewe ni wa familia hiyo na si kwa mbali mno, kwamba ungesajiliwa kama si jambo fulani kuingilia kati, na kwamba unayemdai ni wa familia hiyohiyo.

Jambo fulani. Kwetu lina jina, Manyani.

Hilo la mwisho ndilo linalonikimbiza. Leo hati iko kwa baba mkubwa, mtu wa familia. Bodi ya ardhi ikikubali na mnunuzi akasajiliwa, tutakuwa tunamdai mgeni.

Jumamosi nilienda kwa Cucu na fomu ya kuweka zuio. Nikamsomea mstari unaotaka ueleze unadai haki gani. Akaniambia niandike kwamba mume wake alirudi. Nikamwambia, Cucu, hapa wanataka haki, si habari. Akasema, "Andika tu."

Nimeandika. Jumatatu asubuhi tunaipeleka.