Matope, mvua ya volkano na kutu: namna ya kutunza rangi ya gari Masisi na Walikale

Gari inayofanya njia ya Sake, Masisi na Nyabiondo mpaka Walikale haizeeke sawa na ile inayobaki mjini. Wakati wa mvua, lori inaweza kukwama siku kadhaa ndani ya matope. Shofere na wasaidizi wake wanalala humo humo na wanapika kandokando ya magurudumu. Kwao gari ni kazi na ni nyumba. Moteri ikikataa, wanaita fundi siku ile ile. Lakini kutu ikianza kula chini ya mlango, wanasema: “Ni rangi tu, tutaona.” Kisha miaka miwili, sakafu ya kabini inatoboka na gharama inakuwa mara kumi.

Rangi ya gari ni tabaka kadhaa zinazolaliana. Juu ya chuma kuna rangi ya msingi inayozuia kutu, kiisha rangi yenyewe tunayoiona, na kwa magari mengi ya sasa kuna verni isiyo na rangi juu ya yote. Verni hiyo ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa. Ikiisha, jua na maji vinashambulia rangi. Rangi ikiisha, ni zamu ya chuma.

Jua la vilimani ni kali kuliko watu wanavyofikiri, hata kama kuna baridi. Pitisha kiganja juu ya kapo: kikitoka na unga mweupe au wa rangi ya gari, ujue jua limekwisha kuchoma tabaka la juu.

Adui mwingine ni wa kwetu kabisa: moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira. Mara nyingi upepo unatoka mashariki, na moshi unasukumwa upande wa Rusayo, Sake na vilima vya Masisi. Ndani yake kuna gesi ya salfa, pamoja na gesi zenye klorini na fluorini. Zikikutana na maji ya mvua zinafanya asidi. Wakaaji wa pande hizo hawahitaji kuelezwa: manjanja ya nyumba zao yanatoboka mbele ya wakati. Asidi ile ile inaangukia paa la gari. Tone likikaushwa na jua, maji yanaondoka na asidi inabaki, tena ikiwa kali zaidi, na inaacha alama ya duara ambayo sabuni haiitoe. Kwa hiyo, baada ya mvua ya siku zenye moshi mwingi, suuza gari mbele jua halijaikausha. Tumia maji ya chemchemi au ya bomba, kwa sababu maji ya mvua uliyoyakinga chini ya moshi huo yana asidi hiyo hiyo.

Na volkano ikimwaga majivu, usiyapanguse makavu, wala usiwashe wiper. Majivu hayo si kama ya makaa. Ni vumbi la mawe na kioo, na kila unapopangusa unakwaruza. Mwaga maji mengi kwanza, mkono ufuate.

Sheria hiyo ni ya matope pia. Wengi wanachukua kitambaa na kusugua tope lililokauka, wengine wanasugua na mchanga au majani. Gari inang'aa siku hiyo, lakini ukiiangalia juani imejaa mikwaruzo. Lowesha, ngojea tope lilainike, suuza kuanzia juu kwenda chini, ndipo upake sabuni. Sabuni ya unga ya kufulia nguo inaondoa nta yote juu ya rangi, basi tumia sabuni laini na kidogo tu. Weka ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Na usisahau kule kusikoonekana: ndani ya matao ya magurudumu, kwenye shasi, na vitundu vidogo chini ya milango ambavyo maji yanapitia. Tope likiziba vitundu hivyo, mlango unabaki na maji ndani na unaoza kuanzia ndani. Ukiona kutu nje, mara nyingi ndani kumekwisha.

Tafadhali, kazi hiyo isifanyike ndani ya mto. Mafuta na grisi vinateremka mpaka kwa mama anayechota maji ya kunywa huko chini.

Kuna desturi ya kupulizia mazutu au mafuta ya moteri yaliyochakaa chini ya gari. Ni kweli mafuta yanafukuza maji na kuchelewesha kutu. Lakini yanalainisha na kuozesha mipira, na yakifika kwenye breki, mteremko wa Masisi hauna huruma. Bora grisi au nta, ipakwe kwenye chuma kilichosafishwa na kukauka, mbali na breki na mipira. Ile lami nyeusi nayo ni nzuri juu ya chuma safi. Ukiipaka juu ya kutu, unafungia maji ndani.

Kama rangi imefifia tu, haijapasuka, inaweza kurudi. Osha vizuri, kausha, sugua taratibu na dawa ya kung'arishia kwa kitambaa laini, sehemu ndogo ndogo, chini ya kivuli. Ukitumia karatasi ya msasa, iwe ya maji, namba 2000, kwa mkono mwepesi sana. Kwenye kona na kingo usiiguse. Kiisha paka nta. Kwenye njia zetu nta haikai miezi mingi. Maji yakiacha kusimama kama shanga juu ya kapo, rudia.

Penye kutu, nta haisaidii. Kwangua mpaka chuma king'ae, kwa burashi ya chuma na msasa namba 80, halafu 240, halafu 400 kwenye kingo za rangi iliyobaki. Futa mafuta. Paka rangi ya kuzuia kutu siku ile ile, kwa maana katika unyevu wa msitu wa Walikale chuma kitupu hakilali usiku bila kutu. Usipige mastiki moja kwa moja juu ya kutu, inanyonya maji. Asubuhi yenye ukungu usipake kitu. Ngojea chuma kikauke na kipate joto, umalize mbele mvua ya mchana haijaanguka.

Fundi anayepuliza rangi yenye kigumishi avae kinyago chenye vichujio vya gesi. Kitambaa mdomoni hakizuii mvuke huo, na unaweza kuleta pumu ya kudumu.

Na ukitaka kununua gari iliyopakwa rangi upya, beba sumaku ndogo, hata ile ya kipaza sauti cha redio iliyokufa, uifunge ndani ya kitambaa. Ipitishe chini ya milango na juu ya magurudumu. Pahali isiposhika, chini ya rangi kuna mastiki nene, na chini ya mastiki pengine hakuna chuma tena. Lakini parashoke nyingi ni za plastiki. Hizo sumaku haizishike, usigombane na mwenye gari bure.